Mwenyekiti wa Mlimani na sura aliyoiruka

Kurasa tamu kuliko zote katika *Sowing the Mustard Seed*, tawasifu ya Yoweri Museveni iliyotoka 1997, si zile za vita. Ni za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikofika 1967. Hapo tunamkuta mwenyekiti wa USARF, kundi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto: anabishana, anakwenda Msumbiji kwa wapiganaji wa FRELIMO, kisha anaandika tasnifu kuhusu nadharia ya Fanon juu ya matumizi ya nguvu.

Sasa shida iko wapi? Baada ya Dar, wenzake wanafifia. Mlimani inabaki kuwa ngazi tu ya kumfikisha Ikulu 1986. Ndiyo maana nashauri uisome sambamba na kitabu alichohariri Karim Hirji kuhusu *Cheche*, jarida la wanafunzi haohao lililopigwa marufuku 1970. Humo sauti ni nyingi, na hakuna anayejifanya alikuwa peke yake.

Ukomo wa mihula uliondolewa Uganda 2005, wa umri 2017. Wengi husema kijana wa Mlimani alisaliti alichokisoma. Mimi naona alikisoma nusu. Fanon huyohuyo, ndani ya *Viumbe Waliolaaniwa*, ana sura nyingine inayoonya kuhusu kiongozi wa ukombozi anayegeuka ukuta mbele ya watu wake. Sura ya nguvu tunaona jinsi ilivyomfaa. Hiyo nyingine, kitabu chake hakina la kusema.