Shemeji Si Anwani: Programu za Kutunza Uhusiano Mpakani

Badilisha lugha ya simu yako iwe Kiswahili, kisha ufungue orodha ya majina. Google wameiita "Anwani". Mama mkwe ni anwani, mtani ni anwani, fundi wa baiskeli naye ni anwani. Wanafunzi wetu wa tafsiri hulicheka kosa hili, lakini sidhani kwamba ni la mfasiri peke yake. Ndivyo waundaji wa programu wanavyomwona mtu.

Hivi sasa zipo programu za kumsaidia mtu kutunza uhusiano na jamaa na marafiki, kama vile Monica na Dex. Unaandika jina, siku ya kuzaliwa na mliyozungumza mara ya mwisho, nayo inakukumbusha kwamba umekaa kimya mno. Baadhi hulipiwa kila mwezi, kwa dola. Je, zina soko Busia na Tororo?

Kwa haraka mtu angesema mteja yupo. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili za mpaka, na wapo wengi wenye laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, hata shemeji mmoja akaandikwa mara mbili katika simu moja.

Hata hivyo, kazi hiyo ina chombo chake tayari, nacho ni daftari la michango. Jina la aliyetoa huandikwa pamoja na kiasi, kisha husomwa mbele ya watu. Nguvu ya daftari ni huko kusomwa: aliyetoa anajulikana, na aliyepokea anajua atakachodaiwa siku ya msiba wa mwenzake. Programu ya mtu binafsi huifungia kumbukumbu hiyo mfukoni mwa mmoja. Simu ikikukumbusha kumpigia shangazi ukapuuza, hakuna shahidi. Shangazi anajua, bila shaka, ila hana pa kuliandika.

Kuhusu bei, Uganda imetupa funzo. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo. Wengi walikimbilia VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa ya asilimia 12 juu ya data. Ikiwa shilingi 200 zilikwepwa kwa mtandao unaobeba makundi ya harusi na matanga, nani atalipa dola ili akumbushwe kusalimia?

Lakini nisilisifu daftari kupita kiasi. Hupotea, huloa, na mweka hazina mjanja huchana ukurasa. Hapo ndipo ninapoona soko: programu inayonunuliwa na kikundi, inayoonekana na wanachama wote, inayohesabu shilingi za nchi zote mbili, na inayotofautisha shemeji, wifi na mtani. Istilahi hizo si za kubuniwa. Zimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu 1981, na mwanafunzi wetu yeyote wa mwaka wa pili anaweza kumkusanyia muundaji orodha hiyo kwa alasiri moja.