Milimita 2 Zilizokatwa Bure

Wanafunzi wa fizikia wanaoanza kuunda modyuleta za mwanga kwenye kompyuta, wa Kabianga hapa Kericho kama wa kwingineko, wakitaka mfano wa kuiga huishia kwenye chipu ya Intel ya 2007, ile silikoni iliyopitisha gigabiti 40 kwa sekunde. Mnaijua. Nairudia kwa sababu kosa lake linarithiwa.

Mwanzoni mwa mwaka ule timu hiyohiyo ilikuwa na modyuleta ya Mach-Zehnder yenye kihamisha awamu cha milimita 3, ikafika gigabiti 30. Ili wapate 40, wakakikata hadi milimita 1. Hapo ndipo walipoharibu. Kwa makutano yao ya pn, zao la volti na urefu wa kugeuza awamu nusu mzunguko lilikuwa volti-sentimita 4 hivi. Lipigie hesabu kwa milimita 1: unadaiwa volti 40, na kiendeshi cha gigabiti 40 hakikaribii hapo hata kidogo. Awamu ikasogea kidogo tu, na uwiano wa kuzimika ukaishia desibeli 1 na nukta. Maana yake, sifuri ilibaki na zaidi ya robo tatu ya mwanga wa moja! Mpokeaji anatakiwa atofautishe mwanga na mwanga.

Adhabu yake inajulikana. Kwa uwiano huo, mpokeaji anahitaji nguvu ya ziada ya desibeli 9 hivi ili asome bila makosa kuongezeka. Faiba ya kawaida hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye nanomita 1550, kwa hiyo umetupa kilomita 45 za faiba: sehemu kubwa ya njia ya kutoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein, imeliwa kabla mwanga haujatoka kwenye chipu.

Huku kwetu tumeiona kasi ya namna hiyo kwenye mashine za kuchuma chai: kilo zinapanda haraka, na kwenye gunia majani makuukuu yamezidi majani mawili na chipukizi. Nimelalamikia vichwa vya habari vya kasi tangu zamani na sitaacha. Kasi ikitajwa bila uwiano wa kuzimika, bila volti na bila upotevu, haijatajwa.

Elektrodi za Intel, zilizosafirisha wimbi la umeme sambamba na mwanga, zilikuwa safi; kosa halikuwa hapo.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye modeli. Mtu anaiga makutano ya pn kwa ishara ndogo, anaona mkunjo wa masafa ukishuka mbele ya gigahezi 30, anafurahi, anatuma kazi. Ishara ndogo haikuambii jicho, ile nafasi kati ya moja na sifuri kwenye mchoro wa ishara, litafunguka kiasi gani. Mnyororo mzima ndio wa kuigwa: kiendeshi na volti zake halisi, awamu, faiba, kelele ya mpokeaji.

Soref na Bennett, mwaka 1987, hawakuwa na chipu ya kujivunia. Walichukua vipimo vya ufyonzaji wa mwanga kwenye silikoni, wakavipitisha kwenye hesabu za Kramers-Kronig, wakatoa milinganyo tunayoitumia hadi leo. Ndani yake mna siri ambayo wengi wanaipita mbio: kwenye vibeba chaji 10¹⁷ kwa sentimita ya ujazo, mashimo hubadili kipeo cha mpindo karibu mara nne kuliko elektroni, na bado hufyonza mwanga kidogo kuliko hizo. Anayesoma hivyo anaujaza mwongozo wa mwanga kwa upande wa p, apate awamu zaidi kwa kila volti kabla hajashika mkasi.

Kwamba 40 ingepatikana kwa uadilifu, Surrey walionyesha mwaka 2011. Thomson, Reed na wenzao waliacha kihamisha awamu kirefu, kama milimita 3.5, wakapata desibeli 10 kwa gigabiti 40. Adhabu ya hapo haifiki desibeli 1. Ndiyo, mwanga mwingi ulipotea njiani, na watetezi wa ufupi hunikumbusha hilo kila mara. Lakini mwanga uliopungua unaongezwa kwa kikuza mwanga, kwa gharama ya kelele kidogo. Sifuri isiyozimika ikikuzwa, inakua pamoja na moja.

Walipokwenda gigabiti 50 mwaka uliofuata, hata wao walirudi kwenye milimita 1, na uwiano ukashuka hadi desibeli 3.1.