Taya la Ng'ombe Halitaki Shoka

Katika bucha za Nyacheki, kama kwingineko Gusii, kichwa cha ng'ombe huishia kwenye supu, na namna kinavyofunguliwa humtofautisha fundi na mwanagenzi. Mwanagenzi hukimbilia shoka. Taya huvunjika, na mteja hurudi nyumbani na chenga za mfupa ndani ya nyama. Fundi huchukua kisu chembamba, akakinoa kwanza.

Huanzia shavuni. Msuli wa hapo ni mnene, maana ng'ombe hucheua kwa takriban saa 8 kila siku, mbali na muda wa kula. Mkaguzi wa nyama naye huupasua kabla ya kugonga muhuri, akitafuta vifuko vya tegu, ambavyo hupenda kukaa katika misuli isiyopumzika. Fundi hufuata mikato hiyo, kisu kikiambaa mfupa hadi karibu na sikio. Kisha hulikandamiza taya na kulisukuma kando, kidole gumba kikipapasa mahali mfupa unapocheza. Ncha ya kisu huingia papo hapo, ikakata kano, taya likaachia.

Kichwa cha mfupa kinachochomoka hapo ni kipana, karibu bapa, nacho kimepanda juu ya mstari wa meno. Umbo hilo halizalishi nguvu. Nguvu ni ya msuli. Lenyewe huamua nguvu ielekee wapi. Kwa kuwa kiungo kiko juu, magego ya upande unaotafuna hukutana karibu yote kwa pamoja. Kwa kuwa ni bapa, taya huteleza kando na kusaga majani. Tena taya la chini ni jembamba kuliko la juu, hivyo ng'ombe hutafuna upande mmoja mmoja.

Mbwa ameumbwa vingine. Kiungo chake kiko usawa wa meno, na kichwa cha mfupa kimelala ndani ya mfereji kama mchi mdogo. Taya hufunguka na kufunga, kwenda kando ni kidogo mno, na windo likifurukuta halilichomoi. Kadiri jino linavyokaribia kiungo ndivyo linavyouma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mbwa akipewa mfupa huupeleka nyuma, pembeni mwa kinywa. Taya kama hilo lisingeachia kwa kusukumwa kando.

Ufundi basi ni kujua kiungo kimeumbwa kwenda wapi, na kukipeleka hukohuko. Ukitaka kumpima fundi, kagua kichwa cha mfupa kikishatoka: kikiwa laini, bila mkwaruzo, nunua.