Kumisi, Kukosa Moto au Kukosa Mwako? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Gereji

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa kazi inayoifanya. Makala hii inakusudia kuihakiki istilahi moja ya magari kwa kuifuata hadi mahali inapotumika, yaani mbele ya injini iliyoharibika.

Tulikuwa safarini kutoka Arusha kwenda Dodoma kwa gari la petroli lenye silinda nne. Tulipokuwa tukipanda kutoka Magugu kuelekea Babati, injini ilianza kutetema na kupungukiwa nguvu, na taa ya injini ikawaka. Dereva hakushangaa. Dalili hiyo alikuwa ameiona juma lililotangulia, akanunua plagi nne mpya kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Karatasi ilisema: "P0303: Ukosefu wa cheche, silinda ya 3. Badilisha plagi."

Katika gereji moja mjini Babati, fundi alikisoma kipimo chake, akaupata msimbo uleule. Akazichomoa plagi na kuzitazama. "Kaka," alimwambia dereva, "plagi zako ni nzima. Silinda ya tatu ndiyo haichomi."

Kisha akaihamisha koili ya silinda ya tatu kwenye ya pili, na ya pili kwenye ya tatu, akaufuta msimbo na kuiwasha injini. Lau koili ingekuwa mbovu, msimbo ungehamia silinda ya pili na kuwa P0302. Haukuhama. Akafanya vivyo hivyo kwa nozeli, haukuhama. Ndipo alipopima kompresheni, akakuta ya silinda ya tatu iko chini sana kuliko za wenzake. Akatia kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo na kupima tena. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimelika, oili ingeliziba pengo kwa muda na kipimo kingepanda. Hakikupanda. Alipoifungua silinda hedi, tuliiona vali ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Cheche ilikuwapo muda wote.

Kosa la karatasi ile halikuwa la sarufi, na kila neno lake ni Kiswahili safi. Kosa lake ni kulipa tukio jina la mojawapo ya sababu zake. Ili petroli iwake ndani ya silinda, hapana budi mambo matatu yawepo: cheche kwa wakati wake, mafuta na hewa kwa kiasi chake, na mgandamizo wa kutosha. Likikosekana mojawapo, mwako hukosekana. Msimbo P0303 hutoa taarifa ya tukio tu: silinda ya tatu imekosa kuwaka ipasavyo. Mfasiri alipoandika "cheche", alitoa hukumu ambayo hata kompyuta ya gari haikuitoa. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli haina plagi ya cheche, kwani mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyogandamizwa; hata hivyo, silinda yake nayo huweza kupatwa na hitilafu hiyo hiyo. Istilahi isiyofaa kwa lori la dizeli haitoshi kuwa istilahi ya magari.

Tuyatazame basi maneno mengine. "Kumisi" lina sifa moja kubwa: mafundi na madereva wanalielewa. Lakini halimwelezi mwanafunzi kinachokosekana, na vijana wamekwisha kulitumia kwa maana ya kumtamani mtu aliye mbali. "Kukosa moto" liko karibu zaidi na ukweli, ila "moto" katika lugha ya barabarani lina kazi nyingi. Gari lililozimika husemwa kuwa limekata moto, na betri iliyokwisha nguvu husemwa kuwa haina moto. Anayesoma ripoti ya matengenezo hatajua ni lipi kati ya hayo lililotokea.

Fundi wa Babati alisema "haichomi", naye alilitaja tukio lenyewe. Upungufu wa neno lake ni kwamba hudokeza silinda iliyokufa kabisa, ilhali hitilafu hii mara nyingi huja na kuondoka, hasa gari linapopanda mlima au kubeba mzigo.

Kwa sababu hizo napendekeza "kukosa mwako". "Mwako" latokana na kitenzi "waka", na walimu wa sayansi wanalifahamu. Laweza kusemwa kwa vipimo: silinda imekosa mwako kabisa, au inakosa mwako mara kwa mara. Latumika kwa petroli na kwa dizeli, tena haliitaji sababu kabla ya uchunguzi.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, ndilo lenye kusanifu. Wajibu wetu sisi wafasiri ni kulipelekea maneno yaliyokwisha kujaribiwa kazini. Dereva yule alilipia plagi nne zisizohitajika, na kwa juma zima petroli isiyoungua ilikuwa ikipita kwenye bomba la moshi, ambako huweza kukiharibu kifaa cha kusafishia moshi, nacho ni cha bei kubwa. Mstari wa karatasi ile ungefaa kusomeka hivi: "P0303: Silinda ya 3 inakosa mwako. Chunguza cheche, mafuta na mgandamizo kabla ya kubadilisha chochote."