Kengele ya Bullworth

Kijana wa miaka 15 anashushwa garini mbele ya geti la shule ya bweni. Mama yake, aliyetoka kuolewa kwa mara ya tano, anaondoka na mumewe kwenda fungate. Ndivyo inavyoanza Bully, gemu ya Rockstar Vancouver iliyotoka mwaka 2006 kwenye PlayStation 2. Nimeicheza miaka mingi, na kinachonirudisha kwa huyo Jimmy Hopkins ni kengele.

Katika gemu za namna hii unakwenda utakako, na nyingi hutamba kwa ukubwa wa ardhi yake. Mafundi wa Bully walichagua udogo. Shule ya Bullworth na mji wake, wa kubuni lakini wenye sura ya New England huko Marekani, unaumaliza kwa baiskeli kabla jua halijahama. Kisha wakautia ratiba. Saa tatu na nusu asubuhi kipindi, saa saba mchana kipindi kingine, saa tano usiku kila mtu awe bwenini. Ukizurura, viranja wanakutimua mbio. Ikigonga saa nane usiku, usingizi unamwangusha Jimmy popote alipo.

Tuliosoma bweni tunaujua utamu huo. Njia ya kwenda sokoni, ukiipita siku ya ruhusa, ni njia tu. Ukiipita umetoroka, kila mwembe una macho. Mafundi hawa walielewa kwamba uhuru huonjeka pale unapokuwa na saa yake ya kwisha.

Nalo darasa hawakuligeuza adhabu. Kwenye Kiingereza unapewa herufi zilizovurugwa, nawe unazipanga ziwe maneno huku muda unayoyoma. Ukifaulu, radhi anazoomba Jimmy zinapata uzito. Ukifaulu Kemia, anatengeneza fataki chumbani mwake. Ukifaulu somo la ufundi, anapata baiskeli bora. Elimu inatoka naye mlangoni na kumfaa mtaani siku hiyo hiyo. Sijaona mahali pengine hoja hii ikitolewa kwa ufasaha kiasi hicho bila mhadhara.

Mwaka nao unasonga. Majani yanapukutika, theluji inaanguka, wanafunzi wanavaa makoti. Gitaa la besi la mtunzi wa muziki wake, Shawn Lee, linanyemelea nyuma ya kila hatua. Baada ya muda unawajua watu kwa sura: nani hunyanyasa wadogo, nani hujificha maktaba, nani ni mtoto wa tajiri.

Tangu 2016 gemu hii ipo hata kwenye simu. Jana usiku nilikuwa mjini Bullworth, saa tano kasoro dakika chache, mfuko una manati na barabara haina mtu. Hakuna aliyeniamuru kurudi. Nikageuza baiskeli kuelekea getini, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, moyo ukinienda mbio kama wa mwanafunzi.