Fundi Asiyekimbilia Spana

Gereji nyingi kando ya barabara kuu iendayo Zambia zina jibu moja kwa gari lolote la otomatiki linalosumbua gia: tafuta giaboksi nyingine. Simu inapigwa Dar es Salaam, mtumba wa Japani unapakiwa kwenye basi, na kesho yake vijana wako chini ya gari. Mara nyingine ndiyo dawa yenyewe. Lakini mimi namsifu fundi wa aina nyingine, ambaye pale Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, anaweza kumaliza asubuhi nzima hajagusa spana.

Chukua Toyota Chaser, lile toleo la 1996 hadi 2001 ambalo vijana wapenda mwendo bado wanalihangaikia ingawa limezeeka. Limepanda Kitonga nyuma ya malori, limefika Ilula likawa zito kuondoka, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikawa inawakawaka. Limelala Iringa kwenye baridi, asubuhi likaondoka kama jipya. Gereji ya kwanza ilikwisha kutoa hukumu: giaboksi imekufa.

“Kamwene, mzee,” alisalimia mwenye gari alipolifikisha kwa fundi huyo wa Ipogolo.

“Kamwene, mwanangu. Betri mmeichomoa?”

Swali hilo si la kupitisha muda. Kompyuta ya gia hutunza kosa kwenye kumbukumbu yake, na anayechomoa betri anafuta ushahidi. Bahati nzuri hakuna aliyekuwa ameigusa.

Ikafuata oili. Injini inanguruma, oili imepata moto, gia imepitishwa taratibu kutoka P mpaka L na kurudishwa P, ndipo dipstiki ikachomolewa na kufutwa kwenye karatasi nyeupe. Mzee akaitazama, akainusa. Nyekundu, haina harufu ya kuungua. Klachi za ndani zikiungua, oili hugeuka kahawia na kunuka vibaya. Aliyetangaza kifo hakuwa amenusa kitu.

Kisha alizima injini, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti kwa kipande cha waya, akawasha swichi tu. Taa ya O/D OFF ikapepesa mara sita, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili. 62: solenoidi namba moja.

Solenoidi ni koili inayofungua na kufunga njia za oili kwa amri ya kompyuta. Gia ya kwanza inataka namba moja ipate umeme na namba mbili ikose. Namba moja ikifa, kompyuta huiwasha namba mbili, na gari linaondoka na gia ya tatu. Ndiyo maana linakuwa zito. Injini haina kosa, klachi hazina kosa.

Sasa mbona asubuhi lilikuwa zima? Waya mwembamba wa koili ukikatika, ncha zake zinaweza kugusana zikiwa baridi na kuachana zikipata moto. Ukipima kwenye baridi, mita inakupa omu 11 hadi 15, afya kamili, nawe unaona taa imedanganya. Mzee hakupima. Alilipandisha gari mjini, akalishusha, akalipandisha tena mpaka likawa zito, ndipo akapima. Mita haikusoma kitu. Hapo nilimvulia kofia.

General Motors walipoanza kuuza otomatiki yao ya Hydra-Matic mwaka 1939, aina ambayo baadaye iliingia hata kwenye vifaru vya Vita Kuu ya Pili, dereva aliahidiwa kwamba hatasumbuka tena kuwaza gia. Kuwaza huko hakukuisha. Kulihamishiwa kwa fundi.

Kazi ya mikono ilikuwa ndogo: kumwaga oili, kufungua sampu, kutoa solenoidi mbovu na kufunga nzima, gasketi mpya, oili mpya ya aina inayotakiwa. Giaboksi haikushushwa. Kinachoniudhi ni malipo. Anayeshusha giaboksi hulipwa vizuri kwa kuwa jasho lake linaonekana. Kwa huyu, mwenye Chaser alisema, kwa heshima zote, “Lakini mzee, si umefungua sampu tu?” Mzee akacheka, akapunguza. Ningekuwa mimi, nisingepunguza hata shilingi.