Pongezi kwa Fundi Umeme wa Magari

Usukani wa pikapu yangu ulikuwa unakuwa mzito ghafla katikati ya kona, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Nazima, nawasha, inapotea. Gereji ya kwanza waliniambia ninunue mfumo mzima wa usukani. Bei yake ilinikosesha usingizi.

Ndipo nikampata fundi umeme mmoja Gerezani, Dar es Salaam. Hakushika spana. Alishika mita. Betri, gari likiwa limezimwa: volti 12.6. Injini ikiwaka: 14.1, alteneta haina neno. Kisha akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya mota ya usukani, akaniambia nikate usukani hadi mwisho. Mita ikapanda, ikapita volti 1.

“Mzee wangu, eathi yako ndiyo inakula umeme.”

Mota ile, gari likiwa limesimama, huvuta makumi ya ampea kwa mkupuo. Waya wa eathi wenye kutu hauwezi kuzipitisha. Volti zikishuka, kompyuta inakata msaada, unabaki na mikono yako tu. Akalegeza nati, akasugua kutu ya kijani kwa msasa polepole, mpaka shaba ikang'aa. Akakaza, akapaka grisi, akapima tena.

Nawapongeza mafundi hawa kwa moyo wangu wote. Wanapima kwanza, hata pale ambapo kuuza kifaa kungewalipa zaidi. Siku ile nililipa ufundi tu, nikageuza gari kwenye uchochoro ule mwembamba kwa mkono mmoja.